Mrudishie Shangazi Kisu Chake

Siku shangazi alipohamia kwangu Dar es Salaam, jambo la kwanza nililofanya ni kumnyang'anya kisu.

Alishuka kwenye basi kutoka Machame na mkungu wa ndizi mshare, dumu la maziwa ya mgando na kuku wawili waliofungwa miguu. Tulipofika nyumbani hakuuliza sebule iko wapi, aliuliza jiko. Akavuta kigoda, akaweka sufuria ya maji mbele yake, akaanza kumenya ndizi za mtori. Nikakitoa kile kisu mkononi mwake taratibu. "Shangazi, umechapa kazi tangu ukiwa binti. Hapa ni kwa mwanao, pumzika." Dada wa kazi akamalizia ndizi. Shangazi akapelekwa kwenye sofa, akawashiwa televisheni, akaletewa chai yenye sukari ya kutosha.

Akapumzika mwaka na zaidi.

Kule kihambani, shambani kwake Machame, alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri. Alikata majani ya ng'ombe, akayabeba kichwani akipanda mlima. Siku ya soko alishuka Kwasadala na ndizi zake, akahesabu chenji kwa kichwa, na ole wake mnunuzi aliyedhani anaweza kumpunja bibi kizee. Jumapili aliimba kwaya, na katikati ya wiki alikuwa na jumuiya. Kwangu alikuwa na geti, sofa, na rimoti ambayo hakuwahi kuielewa.

Dalili ziliingia kama mvua za vuli, tone hapa, tone pale. Chumvi mara mbili kwenye mboga, siku ile moja aliyoruhusiwa kupika. Kila asubuhi aliuliza kama ng'ombe amepewa majani, ng'ombe ambaye aliuzwa kabla hajasafiri. Akaanza kuniita kwa jina la marehemu baba yangu, kaka yake. Halafu usiku mmoja, saa nne, mlinzi wa jirani akamkuta nje ya geti na kikapu mkononi. Alikuwa anawahi soko.

Ndugu kwenye simu walisema neno moja: uzee.

Daktari aliyempima hakukubaliana nao. Aliniambia pia nisijibebeshe lawama yote, kwa kuwa mabadiliko ya namna hii huanza kimyakimya ndani ya ubongo miaka mingi kabla mtu hajapotea njia. Lakini aliniuliza swali ambalo bado linaniwasha: "Tangu asubuhi mpaka jioni, huyu mama anafanya nini?"

Sikuwa na jibu.

Si uzee tu

Kiswahili hakijakubaliana juu ya jina la hali hii. Wapo wanaosema ugonjwa wa kusahau, wapo wanaosema demenshia, na wengi husema tu kwamba mzee amerudi utotoni. Demenshia ni jina la jumla la dalili zinazotokea ubongo unapoharibika kiasi cha kumzuia mtu kuendesha maisha yake: kumbukumbu, lugha, kuhesabu, kujua njia, hata tabia. Kusahau ulipoweka miwani kunampata kila mtu. Kuishika miwani mkononi usijue ni ya nini, hilo ni la kupeleka hospitali.

Aina inayoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, alianza kumfuatilia mgonjwa aitwaye Auguste Deter, ambaye alishindwa hata kuandika jina lake. Mama huyo alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake na kukuta mabonge ya protini yaliyoganda kati ya chembe za ubongo, na nyuzi zilizojisokota ndani ya chembe zenyewe. Jambo moja katika kisa hicho husahaulika: Auguste alikuwa na miaka 51 tu alipolazwa. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na wazee wengi huwa na aina zote mbili kwa pamoja.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demenshia mwaka 2021, zaidi ya 60 kati ya kila 100 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo anayedhani huu ni ugonjwa wa Wazungu amechelewa. Utafiti uliofanyika katika vijiji 6 vya Wilaya ya Hai, hiyohiyo aliyotoka shangazi, uliwafikia wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa takriban wazee 6 kati ya 100 wa umri huo walikuwa na demenshia.

Kutoujua ugonjwa huu kuna gharama. Mzee anayetoka usiku bila kujua aendako, anayeongea na watu wasioonekana, ni rahisi kupachikwa jina la uchawi. Huko Kanda ya Ziwa wapo akina bibi waliouawa kwa tuhuma hizo, macho yao mekundu yakitajwa kuwa ushahidi. Macho hayo mara nyingi yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa jikoni, maisha yao yote.

Karibu nusu

Habari njema ilitoka mwaka 2024. Jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la kitabibu la The Lancet lilipitia ushahidi wa dunia nzima na kuorodhesha mambo 14 yanayoongeza hatari ya demenshia na ambayo yanaweza kurekebishwa. Mwaka 2017 orodha hiyo ilikuwa na mambo 9, mwaka 2020 yakawa 12. Hesabu yao ni kwamba kama yote 14 yangeondolewa, takriban wagonjwa 45 kati ya kila 100 wasingeugua, au wangechelewa kuugua.

Hiyo ni hesabu ya umma mzima. Haimhakikishii mtu mmoja mmoja chochote: yuko aliyeishi kwa nidhamu akaugua, na yuko mvuta sigara wa miaka 90 anayekumbuka bei ya sukari ya mwaka 1975. Umri na kurithi vina sehemu yao. Lakini karibu nusu ya mzigo ikiwa inaweza kupunguzwa, maneno "ni uzee tu" hayatoshi tena.

Orodha yenyewe inagusa maisha yote. Utotoni, elimu duni. Umri wa kati, presha, kisukari, mafuta mabaya kwenye damu, unene uliopitiliza, sigara, pombe nyingi, kukaa bila mazoezi, sonona, majeraha ya kichwa na kupungua kwa usikivu. Uzeeni, upweke, hewa chafu na kutoona vizuri. Anayesubiri afike 70 ndipo aanze kujitunza atakuwa anaezeka nyumba mvua ikinyesha.

Anza na presha

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote. Mishipa inayoupelekea damu ina matawi membamba kuliko unywele. Presha ikiwa juu miaka kumi au ishirini, matawi hayo hukakamaa, mengine huziba, na vipande vidogo vya ubongo hufa bila mtu kuanguka wala kupooza. Ni kiharusi kisicho na kelele, na kinachobaki ni mtu kuwa mzito wa kufikiri.

Tatizo la presha ni kwamba haiumi. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha, na kwamba zaidi ya nusu ya watu hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao upande huu wa mpaka. Alipimwa kwa mara ya kwanza maishani akiwa na miaka 74, siku nilipompeleka kwa sababu ya kusahau.

Je, kuishusha presha kunaulinda ubongo? Jibu zuri limetoka vijijini China. Watafiti waliwafuatilia watu karibu 34,000 wenye presha, wa miaka 40 na kuendelea, katika vijiji 326. Katika nusu ya vijiji hivyo, wahudumu wa afya wa hapohapo kijijini walipewa jukumu la kuwapima watu, kuwapa dawa na kuwafuatilia mpaka presha ishuke. Baada ya miaka 4, hatari ya demenshia kwa watu hao ilikuwa pungufu kwa asilimia 15 ikilinganishwa na wenzao waliopata huduma ya kawaida. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2025, na kazi kubwa haikufanywa na madaktari bingwa wa mjini.

Hapa ndipo chakula kinapoingia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyo ndani ya viungo vya paketi na chipsi za jioni. Mchicha, maharage, dagaa, samaki na matunda ya msimu havihitaji kuagizwa ng'ambo. Na mwenye presha asiache dawa kwa kuwa anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu ya dawa.

Masikio ya shangazi

Katika orodha ya wataalamu, vitu viwili vyenye uzito mkubwa kuliko vyote ni mafuta mabaya kwenye damu na kupungua kwa usikivu. La pili liliwashangaza wengi. Ubongo unaosikia nusunusu hutumia nguvu zake kubahatisha maneno, zisibaki za kuyahifadhi. Baadaye mtu huchoka kuuliza "umesemaje?", akaacha kuuliza, kisha akaacha kukaa na watu.

Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2023 uliwahusisha watu 977 wa miaka 70 hadi 84 wenye usikivu hafifu. Kwa kundi zima, vifaa vya kusaidia kusikia havikuleta tofauti ya wazi. Lakini miongoni mwa waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi, waliopata vifaa hivyo walipungukiwa na uwezo wa akili kwa kasi ndogo kwa asilimia 48 katika miaka 3.

Nyumbani kwetu tulidhani shangazi ameanza kununa. Kumbe sikio moja lilikuwa limeziba kwa nta, la pili limechoka kwa umri. Siku aliposafishwa alitoka chumba cha daktari akalalamika kwamba barabara ina kelele. Macho nayo yalikuwa na mtoto wa jicho, tatizo ambalo upasuaji mfupi huliondoa. Kwa hiyo kabla hujasema mzee wako haelewi, hakikisha anakusikia na anakuona. Daktari atatazama pia sonona, ukosefu wa vitamini B12, tezi ya shingo na dawa anazotumia, maana baadhi ya usahaulifu una tiba kabisa.

Akiba haiozi

Mwaka 1986, mtafiti David Snowdon alianza kuwafuatilia masista wa shirika moja la Kikatoliki nchini Marekani. Baadaye 678 walikubali kupimwa akili kila mwaka, na ubongo wao kuchunguzwa baada ya kifo. Mmoja wao, Sista Mary, alifariki akiwa na miaka 101. Alikuwa akifaulu vipimo vyake vizuri mpaka mwisho. Ubongo wake ulipofunguliwa ulikutwa umejaa alama za Alzheimer.

Wataalamu huita hali hiyo akiba ya ubongo. Anayesoma, anayefundisha, anayejifunza lugha au ufundi mpya, huongeza njia za mawasiliano ndani ya kichwa chake. Ugonjwa ukifunga barabara moja, anapita uchochoro. Ndiyo maana elimu ya utotoni imo katika orodha, na kila msichana anayebaki darasani leo anawekewa pia akiba ya mwaka 2080.

Tanzania ilishawahi kuweka akiba hii kwa pamoja bila kuiita hivyo. Katika miaka ya 1970, kisomo cha watu wazima kiliwaingiza wakulima na mama zao darasani jioni. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kujadiliana. Lengo lilikuwa vyoo, maji safi na malaria. Lakini mzee anayejifunza kusoma akiwa na miaka 50, katikati ya wenzake, anaupa ubongo wake kazi ileile ambayo wataalamu wa leo wanaisisitiza.

Kwenye baraza za Zanzibar na pwani, akiba hiyo huwekwa kwa kete. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kabla hajanyanyua mkono, mchezaji mzuri ameshajua kete zake zitaishia shimo gani, zitakula ngapi, na adui atajibu nini, huku akiilinda nyumba yake. Na pembeni wapo watazamaji wanaomcheka akikosea. Hakuna utafiti uliothibitisha kwamba bao huzuia demenshia. Lakini hesabu, kumbukumbu, utani na kuonana na watu kila jioni ni viungo ambavyo watafiti huhangaika kuvipika upya katika maabara zao. Upweke peke yake umetajwa miongoni mwa mambo 14.

Miguu nayo ni dawa

Ulinganisho mmoja wa Waafrika na Wamarekani weusi ulianza mwaka 1992. Watafiti waliwafuatilia wazee wa Kiyoruba mjini Ibadan, Nigeria, na wazee weusi wa Indianapolis. Walipotoa matokeo mwaka 2001, visa vipya vya demenshia huko Indianapolis vilikuwa zaidi ya mara mbili ya vile vya Ibadan: asilimia 3.24 kwa mwaka dhidi ya 1.35. Tofauti hiyo ilielekeza macho kwenye mazingira na maisha, hasa presha, kisukari na chakula.

Nilipoisoma habari hiyo niliona aibu. Nilikuwa nimemtoa shangazi Ibadan yake ya kupanda mlima kwa miguu, nikamleta Indianapolis ya sofa.

Kipimo kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaoharakisha pumzi. Kutembea kwa kasi kunatosha, na mwenye shamba au mwenye kuteka maji kisimani hana haja ya jimu. Anayeihitaji ni mimi na wewe tunaotoka kitandani kwenda kwenye gari, kwenye kiti, kwenye gari, kitandani.

Nchini Finland, watafiti wakiongozwa na Miia Kivipelto waliwachukua watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 waliokuwa kwenye hatari. Kundi moja lilipewa vyote kwa pamoja: chakula bora, mazoezi, kazi za kuchangamsha akili, na ufuatiliaji wa presha na mishipa ya damu. Baada ya miaka 2, maendeleo yao kwenye vipimo vya akili yaliwazidi wenzao waliopewa ushauri wa kawaida kwa asilimia 25. Siri ilikuwa mchanganyiko. Hakuna kidonge wala jani moja lililofanya kazi hiyo, na anayekuuzia unga wa kurudisha kumbukumbu anakuuzia unga.

Yaliyobaki yanajulikana, ila hatuyahusishi na akili. Sigara, na pombe ikizidi, iwe mbege, gongo au ya chupa, huuharibu ubongo. Kichwa kikigongwa barabarani leo, deni lake linaweza kudaiwa miaka thelathini baadaye. Kofia ngumu kwenye bodaboda haivaliwi kwa ajili ya trafiki. Na hewa chafu imo katika orodha. Vumbi laini la moshi, wa magari au wa kuni, hupenya mapafu na kuingia kwenye damu. Jiko lenye dirisha na nishati safi kwa bibi ni zawadi inayofika mbali kuliko macho yake.

Mpe jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuusoma msemo huo kama onyo kwa mgeni mvivu. Siku hizi nausoma kama huruma: kumpa mtu jembe ni kumwambia kuwa amekuwa wa nyumba hii. Sisi watoto wa mjini tunawaleta wazazi wetu, tunawaacha wabaki wageni mpaka wafe, na tunauita upendo.

Hata kwa aliyekwisha kuugua, kazi na watu vina faida. Kulekule Hai, watafiti walijaribu tiba ya kuchangamsha akili katika vikundi: vipindi 14 vya mazungumzo, michezo na kumbukumbu za zamani, vikiwa vimerekebishwa viwafae wazee ambao wengi wao hawakusoma. Wazee hao walionyesha nafuu katika uwezo wa akili, na wasiwasi ukapungua. Ugonjwa haukuondoka. Kilichobadilika ni namna ya kuishi nao.

Kwa shangazi tulianza na dawa ya presha, sukari ikatoka kwenye chai, na kila jioni mjukuu mmoja humtembeza mpaka genge la mboga na kurudi. Jumapili ameunganishwa na akina mama wa usharika wa jirani. Maneno ya nyimbo mpya hayamkai, za zamani haachi hata ubeti. Bado huuliza habari za ng'ombe. Bado kuna siku naitwa kwa jina la baba, na nimejifunza kuitika.

Mwezi uliopita nilimletea mkungu wa ndizi mshare kutoka sokoni. Nikaweka kigoda, sufuria ya maji, nikaketi sakafuni na kuanza kumenya. Alinitazama kwa muda, kisha akanyoosha mkono.

"Nani alikufundisha kumenya hivi? Unatupa nusu ya ndizi na maganda."

Nikamrudishia kisu.